Mbili Dhidi ya Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Kadi za Mwisho katika Karuta ya Mashindano

Mashairi 91 yamekwisha kughaniwa. Juu ya tatami, yaani mkeka wa Kijapani wa sakafuni, zimebaki kadi tatu: mbili upande wa mchezaji kijana, ambaye katika uchambuzi huu nitamwita Chipukizi, na moja upande wa mpinzani wake mwenye miaka mingi ya mchezo, ambaye nitamwita Mkongwe. Katika karuta ya mashindano ya Japani, mchezo wa kuwahi kadi ya shairi linaloghaniwa, ushindi ni wa yule anayetangulia kumaliza kadi za upande wake, hivyo Mkongwe amebakiza kadi moja tu kufika, na Chipukizi mbili. Mghani anamalizia nusu ya pili ya shairi lililotangulia, anatua kwa muda wa kama sekunde moja, kisha anaanza shairi jipya. Mizani ya kwanza ni "Fu". Kadi ya shairi hilo ndiyo ile moja iliyobaki kwa Mkongwe, tena iko chini ya pua yake. Lakini Chipukizi ndiye anayewahi kuigusa.

Hapo kanuni zinamtaka Chipukizi afanye jambo dogo ambalo ndilo kiini cha kisa hiki. Mchezaji anayechukua kadi kutoka upande wa mpinzani humpelekea mpinzani huyo kadi moja kutoka upande wake mwenyewe. Mkongwe, ambaye kwa muda mfupi hana kadi hata moja mbele yake, atapokea moja, na Chipukizi aliyekuwa na mbili atabaki na moja. Wachezaji wa Japani huiita hali ya kadi moja moja pambano la majaliwa, kwa kuwa inaonekana kwamba kilichobaki ni kusubiri tu kadi ya nani itatangulia kughaniwa. Swali ni hili: kati ya kadi zake mbili, Chipukizi ampelekee Mkongwe ipi?

Hali hii nimeipanga mwenyewe kwa ajili ya uchambuzi, kama walimu wa sataranji wanavyopanga vipande ubaoni, wala haikutolewa katika pambano la watu fulani. Hata hivyo kadi zote ni za kweli, kanuni ni zile zinazotumika, na uamuzi wa namna hii ni wa kawaida kwa kila anayecheza mashindano. Nimeichagua kwa sababu hoja tatu ambazo hubishaniwa kila anapozungumziwa mchezaji bora, yaani kipaji, mazoezi na mkakati, zimekutana hapa katika kitendo kimoja kisichochukua hata nusu dakika.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu, maelezo machache yatatosha. Karuta ya mashindano huchezwa kwa mkusanyiko wa mashairi 100 ya washairi 100, uitwao Hyakunin Isshu, ambao uteuzi wake unahusishwa na mshairi Fujiwara no Teika wa karne ya 13. Kila shairi lina vipande vitano vyenye mizani 5, 7, 5, 7 na 7. Kadi ni za aina mbili: 100 za mghani, zenye shairi zima, na 100 za kuchukuliwa, ambazo zimeandikwa vile vipande viwili vya mwisho tu. Mghani huanza na nusu ya kwanza, na mchezaji anapaswa kuwa anaijua kwa moyo nusu ya pili inayoifuata, na kukumbuka kadi yake imewekwa wapi. Katika pambano moja hutumika kadi 50 pekee, 25 kwa kila mchezaji, zikiwa zimepangwa katika safu tatu kwa upana wa sentimita 87. Mashairi mengine 50 hayana kadi zilizopangwa, lakini mghani huyaghani vilevile; hayo ni kadi tupu, na anayegusa kadi yoyote wakati kadi tupu inaghaniwa ametenda kosa, ambalo adhabu yake ni kupokea kadi moja kutoka kwa mpinzani. Kosa ni hilohilo kwa anayegusa kadi ya upande mmoja wakati kadi iliyoghaniwa iko upande mwingine. Kabla ya ghani ya kwanza wachezaji hupewa dakika 15 za kukariri mpangilio, na katika dakika 2 za mwisho wanaruhusiwa kufanya majaribio ya kurusha mikono. Kanuni hizi zilianza kuunganishwa na Kuroiwa Ruikō, mwenye gazeti, aliyeandaa mashindano ya kwanza jijini Tokyo mwaka 1904.

Hakuna mchezaji hodari anayesubiri shairi liishe, wala hata kipande cha kwanza kiishe. Mashairi saba hujitambulisha kwa mizani moja tu, kwa kuwa hakuna mengine yanayoanza nayo: Mu, Su, Me, Fu, Sa, Ho na Se. Mashairi 42 huhitaji mizani mbili, 37 huhitaji tatu, 6 huhitaji nne, 2 huhitaji tano, na 6 hayajulikani mpaka mizani ya sita itamkwe. Sehemu hiyo ya mwanzo inayotosha kulitenga shairi na mengine yote nitaiita kiamuzi. Jambo linalowachanganya wageni wa mchezo ni kwamba kiamuzi hakitulii. Shairi lenye kiamuzi cha mizani tatu linaweza kubaki na mbili, kisha moja, kadiri yale yanayofanana nalo yanavyoghaniwa na kuondoka. Kwa hiyo mchezaji analazimika kubeba kichwani orodha mbili kwa wakati mmoja: mahali kadi zilipo, na mashairi gani yamekwisha kupita, yakiwemo yale ya kadi tupu ambayo macho hayana pa kuyaona.

Turudi kwenye kisa. Kadi ya kwanza ya Chipukizi ni ya shairi la Sutoku, kaizari aliyekuwa ameondoka madarakani, linaloanza Se wo hayami. Kiamuzi chake ni ile mizani moja, Se. Ya pili ni ya Fujiwara no Sadayori, Asaborake Uji no kawagiri, shairi la ukungu wa alfajiri juu ya mto Uji unaoachana kidogo kidogo mpaka vigingi vya mitego ya samaki vikaonekana. Hili ni mojawapo ya yale sita yenye kiamuzi cha mizani sita, kwa sababu Sakanoue no Korenori naye ana shairi linaloanza Asaborake Ariake. Mizani tano za mwanzo, a-sa-bo-ra-ke, ni zilezile kwa yote mawili, na ya sita ndiyo inayotenganisha u na a.

Baada ya "Fu" kuchukuliwa, yamebaki mashairi 8 ambayo mghani hajayagusa. Mawili ni hayo yenye kadi juu ya tatami. Sita ni kadi tupu: Asaborake Ariake, Suminoe no, Akikaze ni, Chihayaburu, Hototogisu na Nanishi owaba. Hakuna anayewatangazia wachezaji orodha hii. Wanaipata kwa kutoa, katika 100, yale 92 waliyoyasikia.

Watazamaji wengi wangesema kwamba "Fu" ilichukuliwa kwa kipaji, na kwa sehemu wangekuwa na haki. Wapo watu ambao sikio lao hunasa konsonanti kabla irabu haijafunguka, wakaanza kusogea kwa pumzi tu ya mghani, na waalimu wa karuta hukiri kwamba tofauti hiyo huonekana mapema sana kwa wanafunzi, hata kwa wale wasiojua bado nusu ya mashairi. Lakini hebu tuangalie alichokuwa nacho Chipukizi sekunde moja kabla ya sauti ile. Mashairi yasiyoghaniwa wakati huo yalikuwa 9, na mianzo yake ilikuwa Fu, Se, Su, Chi, Ho, Na, na matatu yanayoanza na A. Kati ya hayo ni Hototogisu pekee lenye pumzi inayokaribiana na ile ya Fu. Kwa mtu aliyeikumbuka orodha hiyo, pumzi ya midomo inayokaribiana ilitosha kuurusha mkono. Kwa mtu aliyeisahau, sikio lilelile lingelazimika kusubiri, kwa hofu ya mashairi yanayoanza na Ha na Hi ambayo kwa kweli yalikuwa yamepita zamani. Sikio lilimpa Chipukizi punje ya muda, lakini kumbukumbu ndiyo iliyompa ruhusa ya kuitumia. Nadhani hapa ndipo mijadala mingi ya kipaji inapokosea njia, kwa sababu inapima kasi ya mkono bila kupima kile ambacho mkono ulikuwa umeambiwa mapema.

Sasa uamuzi wenyewe. Njia ya kwanza ni kumpelekea Mkongwe Se na kubaki na Asaborake Uji. Njia ya pili ni kinyume chake. Kwa hesabu ya juu juu hazitofautiani. Kadi mbili zilizo hai, yaani zilizo juu ya tatami, zina nafasi sawa ya kutangulia, na katika hali ya kadi moja moja anayechukua kadi iliyo hai, iwe yake au ya mpinzani, ndiye mshindi. Ikiwa kila mmoja ataweza kulinda kadi yake bila kukosa, basi nusu kwa nusu, na kweli tunaweza kuyaachia majaliwa. Tofauti huanza pale tunapouliza ni kadi gani inayolindika na ni ipi inayoibika.

Asaborake Uji ni kadi inayolindika kuliko karibu zote. Mghani akisema "Asabo", mwenye kadi ana muda wa kutanda kiganja juu yake bila kuigusa na kusubiri mizani ya sita. Mpinzani aliye ng'ambo naye anasubiri mizani hiyohiyo, lakini yeye atatakiwa kuupenyeza mkono chini ya kiganja kilichokwisha kufika. Sikio la ajabu halimsaidii mshambuliaji hapa, maana muda ni mrefu na wote wawili wanasikia kwa utulivu. Se ni kinyume kabisa. Haina kusubiri wala kutanda kiganja. Yote hukatwa katika mfyonzo mmoja wa sauti, na hapo ndipo sikio la Chipukizi linapoweza kuuziba umbali wa mkono.

Kwa hiyo njia ya pili, ya kubaki na Se na kumpelekea Mkongwe ile ndefu, inampa Mkongwe kadi ambayo mazoezi yake ya miaka mingi yanatosha kuilinda mara zote, na inamwacha Chipukizi na nafasi 50 katika 100, hazipungui wala haziongezeki. Njia ya kwanza inampa Chipukizi ulinzi ule mzuri wa kiganja na wakati huohuo inaiweka kwa Mkongwe kadi ambayo Chipukizi anaweza kuiiba. Tuseme, kwa kukadiria tu, kwamba anaweza kuiba Se mara 1 katika 5. Basi katika ile nusu ya mapambano ambayo Se hutangulia anaokoa sehemu moja ya tano, na nafasi yake inapanda kutoka 50 hadi 60 katika 100. Ni faida kubwa kwa uamuzi uliofanyika wakati mghani akisubiri tu kadi zitulie.

Hata hivyo njia ya kwanza ina mtego, na mtego huo unaitwa Asaborake Ariake. Kati ya mashairi matatu, Ariake, Uji na Se, kila moja lina nafasi sawa ya kutangulia mengine mawili, kwa hiyo mara 1 katika 3 Ariake itaghaniwa kabla pambano halijaisha. Chipukizi atasikia a-sa-bo-ra-ke, kiganja kitatanda juu ya kadi yake, mwili wote utakuwa unataka kushuka, na mizani ya sita itakuwa a. Kidole kikiteleza, Mkongwe atampelekea kadi yake ya mwisho na kushinda bila kuchukua chochote. Tukikadiria kwamba kijana mwenye papara huteleza mara 1 katika 10, hasara ni kama 2 katika 100, ndogo mbele ya ile faida ya 10. Lakini tukimchukua mchezaji mwingine, mwenye sikio la kawaida anayeweza kuiba Se mara 1 tu katika 30 au pungufu, faida yake yote inamezwa na mtego huu, na kwake itakuwa busara kuondokana na kadi ndefu na kumwachia mpinzani kazi ya kutanda kiganja. Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaofundisha uteuzi wa kadi ya kupeleka kama kanuni moja ya wote. Uamuzi sahihi unategemea nani anauamua, na mchezaji asiyejijua sikio lake lina uwezo gani hawezi kuuamua vizuri hata akijua hesabu zote.

Lipo jambo la Su pia, ambalo ni dogo lakini linaonyesha mazoezi yanafanya kazi wapi. Sabishisa ni, lenye kiamuzi Sa, limekwisha kupita, na yale mawili yanayoanza na Shi yamepita pia. Sauti ya s inayobaki ni ya Se au Su. Se ikiwa kwa Mkongwe, Chipukizi akisikia s anapaswa kuondoka papo hapo, kwa sababu akisubiri irabu mkono wa Mkongwe utakuwa umeshafika. Lakini irabu ikiwa u, mkono huo ulio hewani lazima usimame kabla ya kugusa. Kadi ina urefu unaozidi kidogo sentimita 7, safu tatu pamoja na nafasi zake hufanya karibu sentimita 24 kwa kila upande, na kati ya pande mbili kuna sentimita 3, hivyo kutoka ukingo wa Chipukizi hadi safu ya chini ya Mkongwe ni karibu nusu mita. Katika nusu mita hiyo mkono unatakiwa uanze kwa konsonanti, upokee taarifa ya irabu njiani, na kama ni lazima ufunge breki juu ya kadi bila kuigusa. Hakuna anayezaliwa na breki hiyo. Hupatikana kwa kurusha mkono peke yako mbele ya kadi jioni baada ya jioni, na kwa kusikiliza waghani tofauti, kwa maana kila mghani ana namna yake ya kuvuta pumzi na kuachia sauti. Mazoezi yanayojengwa juu ya sauti ya mghani mmoja humfanya mtu awe hodari wa mghani huyo tu.

Mkongwe naye hajakaa kimya. Kadi iliyopelekwa kwake anaweza kuiweka popote katika upande wake, na ataiweka kwenye pembe ya nje ya safu ya chini, upande wake wa kulia. Hapo iko karibu na mkono wake, na kwa kuwa wawili hawa wanatazamana, kwa Chipukizi ni kushoto kwa mbali, mahali ambapo mkono wa kulia hufika kwa kukatisha mwili. Baada ya hapo hana la kufanya isipokuwa kulinda. Kumshambulia Chipukizi kwenye Asaborake hakuna maana kwake, na akiondoa akili yake kwenye Se hata kidogo, atakuwa amempa mpinzani kile alichokuwa anakitafuta. Kwa upande wake Chipukizi anaweza kuisogeza Asaborake Uji hadi karibu na mkono wake wa kulia, mradi amjulishe mpinzani kwamba anasogeza. Wachezaji wengi wa umri wake husahau hatua hii kwa sababu ya furaha ya kadi waliyotoka kuichukua.

Kisha yafuatayo yanaweza kutokea. Katika mashairi 8 yaliyobaki, 6 ni tupu, kwa hiyo ghani ijayo ina uwezekano wa tatu kwa nne kuwa haina kadi kabisa, na subira peke yake ni nusu ya kazi. Ikipita Suminoe, hali ya Se inabadilika mara moja: s peke yake inatosha, hakuna tena cha kusubiri wala breki ya kufunga, na shambulio la Chipukizi linakuwa la hatari zaidi kuliko lilivyokuwa dakika moja kabla. Ikipita Ariake, inabadilika Uji: kwa kuwa Asajifu no limekwisha kughaniwa mapema, kiamuzi kinaanguka kutoka mizani sita hadi mbili, a-sa, ambazo zinatosha kulitenga na Akikaze. Kutanda kiganja na kusubiri hakufai tena. Anayesubiri mizani ya sita wakati mpinzani wake anaondoka kwa ya pili atajikuta analinda tatami tupu. Hapa namwona Chipukizi akiwa katika hatari kubwa kuliko katika mtego wa Ariake wenyewe. Kijana aliyejizuia vizuri mara ya kwanza hubaki na mwili uliofundishwa kusubiri, na Asaborake ikirudi mara ya pili atasubiri bila sababu. Mkongwe anajua hilo, na huo ndio wakati pekee ambao ningemshauri aache kulinda na ashambulie.

Tukiyatazama haya yote, neno majaliwa linabaki na eneo dogo sana. Ni kweli kwamba mpangilio wa kadi za mghani hauko mikononi mwa yeyote. Lakini kama hilo lingekuwa na uzito mkubwa, tusingeona kumbukumbu za ubingwa kama zilivyo. Saigō Naoki alishika taji la Meijin, taji kuu la mchezo huu, mara 14 mfululizo, kuanzia 1999 hadi 2012, na Kusunoki Saki alitwaa taji la Queen, taji kuu la wanawake, mwaka 2005 akiwa na miaka 15, mdogo kuliko wote waliomtangulia, kisha akalishika kwa misimu 10 mfululizo. Mataji hayo hugombewa kila Januari katika hekalu la Ōmi Jingū mjini Ōtsu, mahali palipotengwa kwa ajili ya Kaizari Tenji, mwenye shairi la kwanza katika zile 100. Katika taji la Meijin hushinda anayepata mapambano matatu kati ya matano, na muundo huo tayari unaipunguzia bahati nguvu. Lakini naona sababu kubwa zaidi ni kwamba bingwa wa kiwango hicho huliendesha pambano lisifike kwenye kadi moja moja. Umri wa miaka 15 unaonyesha kwamba kipaji kipo na hakina haja ya kusubiri uzee. Misimu 10 inaonyesha kitu kingine, kwa maana sikio pekee haliwezi kumkumbusha mtu yaliyopita na yaliyobaki mwaka baada ya mwaka, wala haliwezi kumsahaulisha pambano la asubuhi. Hilo la mwisho lina uzito: siku ya mashindano mchezaji hucheza mapambano kadhaa, kila moja na kadi 50 mpya katika mpangilio mpya, na mpangilio uliopita usipofutwa kichwani mkono utakwenda mahali kadi ilipokuwa saa moja iliyopita.

Limebaki swali la jinsi Mkongwe alivyofika kwenye mbili dhidi ya moja, kwa sababu hapo ndipo kosa kubwa zaidi la kisa hiki lilipofanyika, na halikuwa la Chipukizi. Kabla ya ghani ya 91 wachezaji walikuwa na kadi mbili mbili. Chipukizi alikuwa na Se na Kokoroate ni; Mkongwe alikuwa na Fu na Asaborake Uji. Likaghaniwa Kokoroate ni, shairi la Ōshikōchi no Mitsune ambalo kwa kawaida huhitaji mizani nne. Mashairi yanayoanza na Ko ni sita, na mengine matano yote yalikuwa yamekwisha kupita; wala hakukuwa na shairi jingine lolote lililobaki lenye kuanza na k. Mkongwe alikuwa na hesabu hiyo kamili, akaondoka kwa konsonanti ya kwanza na kuichukua kadi kutoka upande wa mpinzani, huku Chipukizi, mwenye sikio lake lile la haraka, akisubiri mizani ambazo hazikuwa na maana tena. Hilo lilikuwa tendo bora la pambano zima. Kisha akatakiwa kuchagua kadi ya kupeleka, akapeleka Asaborake Uji na kubaki na Fu.

Naelewa alivyofikiri. Ariake ilikuwa bado haijaghaniwa, mpinzani ni kijana, na vijana huanguka kwenye kadi ndefu. Lakini kwa kufanya hivyo alibaki na kadi ya mizani moja mbele ya mtu ambaye silaha yake kuu ni mizani moja. Angebaki na Uji na kupeleka Fu, Chipukizi angekuwa na Fu na Se, kadi mbili za kulinda, na angelazimika kuzimaliza zote mbili kabla ya Uji kughaniwa. Uji ingekuwa ya mwisho kati ya hizo tatu mara 1 tu katika 3. Nafasi ya Mkongwe ingekuwa mbili kwa tatu, ikilindwa na kiganja kilichotanda, na Chipukizi asingekuwa na kadi hata moja ya kuiba. Kwa uteuzi alioufanya, hesabu ya kuanzia ilikuwa ileile ya mbili kwa tatu, ila thuluthi hizo zote mbili, ambamo Fu ingeghaniwa kabla Chipukizi hajamaliza kadi zake, aliziacha zishindaniwe kwa sikio.